Mkopo Usiodaiwa

Msikilizaji uliyeko Uingereza, unayefanya kazi kwa mkataba na mshahara wako unapitia kampuni mwavuli, yaani inayokuajiri na kukulipa huku ukiwafanyia wengine kazi, linganisha hati ya mshahara na pesa zilizoingia benki. Zimezidi? Huenda unalipwa mafungu mawili: kima cha chini cha mshahara kinachokatwa kodi, na kingine kinachoitwa mkopo, kisichokatwa kitu. Mkopo gani huo ambao hakuna anayeudai? Kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya huko, hayo ni mapato tu. Waliokuuzia mpango huu hula ada yao. Kampuni ikifungwa, deni la kodi na riba yake laweza kukuangukia wewe. HMRC huchapisha orodha ya mipango ya kuepuka kodi inayoifahamu, ila jina la mpango kutokuwemo si kibali.