Mwenye Kiti si Mwenye Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika kila chama yapo majina ya vyeo yatajwayo kila siku: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, mjumbe. Kwa kuwa yamezoeleka, ni wachache wajiulizao yana maana gani. Walakini ugomvi mwingi wa vyama huanza pale mtu anapofanya kazi isiyo ya jina lake.

Mwenyekiti ni jina la maneno mawili, mwenye na kiti. Neno "mwenye" lina matumizi mawili. Husemwa mwenye shamba, maana yake mmiliki. Husemwa pia mwenye zamu, maana yake aliye na jambo hilo kwa wakati wake tu. Mwenyekiti wa chama ni wa namna hii ya pili. Kiti ni mali ya wanachama. Yeye hukikalia kwa muda uliowekwa na masharti, kisha humwachia mwingine. Kazi yake kikaoni ni kuhakikisha kuwa akidi imetimia, kufuata ajenda, kumpa kila mtu nafasi ya kusema, na kutangaza uamuzi wa wengi hata kama yeye hakuupenda. Lugha yenyewe haikubagua: jina hili ni la mwanamume na la mwanamke sawasawa. Na wakiwa wengi huitwa wenyeviti, wala si "wenyekiti".

Makamu na kaimu huchanganywa sana. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza lilihusu mahali au daraja ya mtu, la pili lilimhusu asimamaye. Makamu ni cheo: huchaguliwa, na hubaki makamu hata mwenyekiti akiwapo. Kaimu ni yule ashikaye nafasi kwa muda, wakati mwenyewe hayupo au nafasi iko wazi. Tena yuko mwenyekiti wa kikao, anayechaguliwa na waliohudhuria pale wote wawili wanapokosekana, kama masharti yanaruhusu. Madaraka yake hukoma kikao kinapofungwa.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tuseme chama kimeketi kuamua mkopo wa pembejeo. Mwenyekiti ni mgonjwa, makamu anaongoza, na katibu anaandika tu "Mwenyekiti alifungua mkutano". Mavuno yakija haba, deni likikatwa katika malipo ya mazao, mwanachama atauliza nani aliongoza uamuzi ule. Mwenyekiti atasema hakuwapo, makamu atasema jina lake halimo. Muhtasari ambao ungewalinda wote utakuwa chanzo cha shauri. Mstari mmoja ungetosha: nani aliketi kitini, kwa cheo gani, na kwa sababu gani.

Katibu, kwa asili ya Kiarabu, ni mwandishi. Jina lake ni la shina moja na kitabu. Kwa hiyo heshima yake iko katika maandishi yake. Huandika kilichoamuliwa, si kile alichotamani kiamuliwe. Katika vyama vingi yeye ndiye pia meneja, yaani mwajiriwa. Aliye hivyo hutoa taarifa na ushauri, lakini hapigi kura ya wachaguliwa.

Mweka hazina ametajwa kwa kitendo cha kuweka. Hazina si yake, wala si ya mwenyekiti. Atiaye sahihi hundi isiyojazwa, kwa sababu tu mwenzake ana safari, ameacha kuweka na ameanza kutupa. Sahihi mbili zilitakiwa ili watu wawili wasome, si ili wino uwe mwingi.

Mjumbe ni mpeleka habari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Basi asiogope kuwafikishia wenziwe sauti ya wanachama wa upande wake. Hali kadhalika, baada ya kikao awarudishie wanachama majibu. Anayepokea posho na kunyamaza hajatimiza nusu ya jina lake.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa na Serikali, na ni sheria ya mwaka 1982 iliyofungua njia ya kuvirudisha. Siku vilipovunjwa, vyeo vyake vyote vilikwisha pamoja navyo. Chama kikiondoka hakuna kiti cha kukalia, ila mkulima hubaki na shamba lake na mzigo wake wa kuuza.

Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi ujao, kila katibu asome mbele ya Mkutano Mkuu kifungu cha masharti kielezacho kazi ya kila cheo, ndipo majina ya wagombea yatajwe. Wanachama wakijua kazi kwanza, watajua ni nani wa kumpa jina.