Kuchelewa Kufungua Shauri la Kufukuzwa Kazi Serikalini: Hali ya Watumishi wa Karatu na Ngorongoro



Mtumishi wa halmashauri akifukuzwa kazi leo, awe Wasso au Karatu mjini, mara nyingi hamwendei wakili kwanza. Huanza na diwani, akaenda kwa mbunge, akaishia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na kote huko anaambiwa suala lake linashughulikiwa. Hoja yangu ni kwamba hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayosimamisha siku kuhesabika.

Na siku zenyewe ni chache. Kwa Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake, rufaa dhidi ya mamlaka ya nidhamu hukatwa ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi: kwanza Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais. (Walimu wana tume yao.) Tangu marekebisho ya 2016, hakuna kukimbilia sheria za kazi kabla ya kumaliza ngazi hizo. Wapo ambao hadi leo huenda moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Arusha. Shauri linatupwa, na wakigeuka nyuma siku 45 zimekwisha kitambo. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mwisho ana miezi 6 ya kuomba kibali.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini Mahakama ya Rufani haina mchezo. Katika shauri la Lyamuya Construction la 2010 ilimtaka mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa na aonyeshe kwamba hakuzembea. Katika lile la Bushiri Hassan ilisema hata siku moja inahitaji maelezo. "Nilikuwa nafuatilia" si maelezo. Umbali nao hautoshi peke yake, ingawa Loliondo hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 300 na sote tunaijua barabara ile wakati wa masika. Leta tiketi ya basi, cheti cha hospitali, risiti ya posta, nakala ya barua yenye muhuri wa masijala. Muhuri huo ndio ambao watu huona aibu kuudai: mtu anamwachia karani barua mezani, anashukuru, anaondoka, na baadaye hana cha kumwonyesha jaji.

Wengine hungoja huruma ya siasa. Watumishi 9,932 waliotajwa Aprili 2017 kuwa na vyeti vya kughushi walikuja kukubaliwa, mwaka 2022, kurejeshewa michango yao ya mifuko ya hifadhi. Ni nafuu, lakini si ajira.

Lawama zote, hata hivyo, si za mtumishi. Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu mbili: kila barua ya kufukuza kazi itaje rufaa inapelekwa wapi na tarehe ya mwisho ni ipi. Ni mistari miwili tu.