Motokaa Kuukuu Yenye Rangi Mpya

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi



Halmashauri ilipotutaka tuseme neno mbele yenu, tulidhani kwanza tutasema habari za elimu au za kuweka akiba, kama ilivyo desturi ya mikutano hii. Lakini wengi wenu mmetuuliza habari za motokaa ile tuliyoinunua Uingereza, nasi kila mara tulijibu kwa mzaha, kisha tukageuza maneno. Leo twataka kujibu kwa kweli. Ni habari ya hasara, na waliopata hasara ni sisi wenyewe. Walakini wako miongoni mwenu watakaokwenda kufanya kazi kule, na wako wengine watakaonunua kitu kuukuu papa hapa kwetu. Hao ndio tuliowakumbuka tulipoandika maneno haya.

Mwaka 2019 tulikuwa makarani watatu, watu wa kwetu, tukifanya kazi ya ofisi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Tulikaa nyumba moja, tukala chungu kimoja, na kila mwezi tuliweka fedha katika mfuko mmoja. Mfuko ulipofika pauni 7,500, yaani pauni 2,500 kwa kila mtu, tulishauriana kununua motokaa ya mbio ya zamani. Tulikusudia kuiendesha wakati wa kiangazi, kisha kuiuza kabla ya Januari, tena kwa faida. Fungu la mmoja wetu lilikuwa karo ya wadogo zake. Alilitoa kwa kuwa tulimpa ahadi ya kwamba halitapungua hata senti moja.

Motokaa tuliyoitaka ni ile iitwayo MGB. Yafaa tueleze kidogo asili yake. Ilitengenezwa katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford, tangu mwaka 1962 hata mwaka 1980, nazo zilitoka zaidi ya 500,000. Ni ya wazi, ina viti viwili, na injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,798. Nyingi sana zilipelekwa Marekani. Na kwa ajili ya sheria za Marekani bampa zake za chuma cheupe ziliondolewa mwishoni mwa mwaka 1974, zikatiwa nyingine nene nyeusi, na motokaa yenyewe ikainuliwa juu zaidi. Ndiyo sababu wapenzi wa motokaa hizi huzipenda zaidi zile za kwanza. Vipuri vyake vyapatikana hata leo, na fundi wa kawaida aweza kuifungua na kuifunga. Kwa hiyo watu husema kwamba yamfaa mtu wa mshahara mdogo. Maneno hayo ni kweli, ila si kweli yote.

Tulipata tangazo la moja ya mwaka 1972, nyekundu, yenye bampa nyeupe. Tulikwenda watatu pamoja siku ya Jumamosi. Rangi yake ilikuwa mpya, hata tuliweza kuona nyuso zetu mlangoni. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri. Mwenye kuuza alituambia kwamba imepakwa rangi mwaka ule ule, nasi hatukumwuliza kwa nini. Hatukuinama kuangalia chini yake, maana mvua ilikuwa imenyesha na suruali zetu zilikuwa safi. Tulizunguka mtaa mara moja, tukalipa, tukaondoka. Kazi yote haikutimiza saa moja.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Tulikwenda wawili wawili, na wa tatu alingoja zamu yake nyumbani. Mwezi wa pili tuliona ya kuwa mlango wa kulia haufungi ila ukiinuliwa kwa mkono. Tuliipeleka kwa fundi ili abadilishe bawaba. Fundi hakugusa bawaba. Alitia jeki chini ya ubavu wa motokaa, akaiinua polepole, akatuambia tutazame uwazi ulio kati ya mlango na bawa la nyuma. Jeki ilipopanda, uwazi ule ulizibana. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma katika boriti iliyo chini ya mlango, nayo ikazama hata mpinini. Ndani palikuwa na puti na kutu, wala hapakuwa na chuma cha kutosha.

Hapo ndipo tulipofundishwa jambo ambalo yatupasa kulitia mbele ya mengine yote. MGA, motokaa iliyotangulia MGB, ilikuwa na fremu yake mbali na bodi yake mbali. MGB haina fremu ya namna hiyo. Bodi yake ndiyo fremu. Na kwa kuwa haina paa la chuma, nguvu yake nyingi imo katika boriti mbili za ubavuni, zile zilizo chini ya milango, ambazo zimeundwa kwa mabati kadhaa yaliyolehemiwa pamoja. Maji na matope huingia ndani, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Boriti hizo zikiisha, motokaa hupinda katikati, injini yake hata ikiwa njema namna gani. Injini huweza kutengenezwa kwa fedha ya kadiri, lakini bodi iliyooza humaliza mfuko. Fundi alitutajia gharama yake, tukanyamaza.

Ndugu zetu, lililotuumiza zaidi lilikuja usiku ule. Uingereza kila motokaa yenye zaidi ya miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na mkaguzi huandika aliyoyaona. Maandiko hayo serikali imeyaweka wazi katika intaneti, bila malipo. Mtu yeyote mwenye namba ya motokaa aweza kuyasoma. Sisi tuliyasoma usiku ule, baada ya kulipa. Mwaka 2016 mkaguzi aliandika onyo la kutu karibu na boriti ya kulia. Mwaka 2017 aliandika tena, pande zote mbili. Baada ya hapo hapakuwa na neno, maana tangu Mei mwaka 2018 motokaa iliyopita miaka 40, ambayo haikubadilishwa sana, haishurutishwi kukaguliwa, ingawa mwenyewe bado yampasa kuitunza isiwe na hatari. Kwa hiyo kutu iliendelea bila mtu wa kuiandika, kisha ikapakwa rangi nyekundu.

Sisi ni makarani. Kazi yetu tangu asubuhi hata jioni ni kufungua majalada na kusoma yaliyoandikwa na waliotutangulia kabla ya kutia sahihi. Katika ofisi hatukubali kulipa shilingi moja bila hati. Lakini katika jambo letu wenyewe tulilipa akiba ya miaka, na jalada liko wazi, tusilifungue. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilikuwa na daftari, nayo ilipotea habari zake zikiwa zimeandikwa.

Basi, kwa yule atakayenunua baada yetu, twamshauri afuate utaratibu huu.

Kwanza, asome kabla ya kwenda. Ayasome maandiko ya ukaguzi tangu mwanzo hata mwisho, na aangalie hasa mwaka ambao maandiko yamekoma. Hata kama sheria haimlazimishi mwenye kuuza, mnunuzi aweza kumwomba aipeleke kukaguliwa kwa hiari. Akikataa, mnunuzi na ajiulize sababu.

Pili, alinganishe namba. Namba ya bodi iliyo kwenye motokaa sharti ifanane na ile iliyo katika hati ya kuandikishwa. Tena ajue ya kuwa hati ile yamtaja mtunzaji wa motokaa tu. Si ushahidi wa mwenye mali. Kwa hiyo na adai stakabadhi zilizo na jina. Pia Jumba la Makumbusho la motokaa za Kiingereza lililoko Gaydon hutoa, kwa malipo, cheti chenye habari kutoka madaftari ya kiwanda, kama tarehe ya kutengenezwa na rangi ya kwanza.

Tatu, avae nguo za kazi, alale chini atazame. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe chini ya milango na katika mabawa ya mbele nyuma ya magurudumu. Pasiposhika sumaku pana puti. Atazame nyufa za milango kama zina upana mmoja juu na chini. Akiona boriti zimefunikwa kwa bati jipya linalong'aa, aulize ni nini kilichofunikwa. Aombe ruhusa ya kuiinua kwa jeki, na atazame mlango kama tulivyofundishwa sisi.

Nne, ndipo aisikilize injini. Aiendeshe hata ipate moto barabara, kisha asome kipimo cha presha ya oili, nacho katika mwendo kisipungue sana chini ya 50. Magurudumu yakiwa ya nyaya, aende mbele na kurudi nyuma polepole. Akisikia mgongano wa chuma, meno ya kitovu yamelika. Aulize pia habari za petroli. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa Uingereza mwanzo wa mwaka 2000, kwa hiyo yafaa kujua kama viti vya valvu vimebadilishwa. Na tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida ya kule ina alkoholi hata sehemu 10 katika 100, ambayo huharibu mipira ya zamani. Afadhali kutumia ile yenye alkoholi kidogo.

Tano, asitoe fedha zote alizo nazo. Mwenye pauni 7,500 na anunue ya pauni 6,000, hizo nyingine aziweke kwa fundi, maana fundi hana budi kuja. Na asinunue kwa fedha yenye kazi nyingine. Hili twalisema kwa haya.

Twarudi kwenye habari yetu. Tuliweka tangazo la kuiuza. Rangi ilikuwa ingali inang'aa. Siku ya tatu akaja kijana mmoja na fedha taslimu pauni 7,000. Aliizunguka, akaisifu, akaona uso wake mlangoni kama sisi tulivyoona zetu. Hakuuliza neno. Tulimwomba atungoje kidogo, tukaingia jikoni kushauriana.

Tutasema kweli yote. Mmoja wetu alisema, "Hakutuuliza, nasi hatukumwuliza aliyetuuzia. Shauri la kila mtu na macho yake." Wa pili hakujibu. Aliyevunja shauri ni yule mwenye karo, ambaye hasara ilimkabili kuliko sisi. Alisema, "Kijana huyu ataiendesha barabara kuu. Ikipinda naye ndani, karo hiyo nitawalipiaje wadogo zangu?" Tukatoka, tukampa kijana karatasi za ukaguzi, tukamwonyesha tundu la bisibisi. Alitushukuru, akaenda zake na fedha zake.

Baada ya majuma sita tuliiuza kwa pauni 3,000 kwa fundi aliyejua anunuacho. Alitaka injini, gia na viungo vingine, ili avitie katika bodi mpya. Maana tangu mwaka 1988 bodi mpya za MGB hutengenezwa tena Uingereza kwa mitambo ya asili, ingawa bei ya bodi moja tupu ilizidi fedha zote tulizolipa sisi. Katika pauni 3,000 zile tulitoa kwanza 2,500, tukampa mwenye karo, kama tulivyoahidi. Zilizobaki 500 tuligawana wawili, pauni 250 kila mtu. Wadogo zake walisoma mwaka ule.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu wale wawili wangali Uingereza, nao wametupa ruhusa kuyasema haya yote, hata yale ya jikoni. Karatasi za ukaguzi tunazo hapa, pamoja na orodha ya mambo ya kutazama. Mwanachama yeyote atakayekusudia kununua motokaa, ama ya namna hii ama nyingine, na aje azinakili kabla ya kutoa fedha, wala si baada yake.