Moshi wa Kopo Moja la Mkaa

Juzi alfajiri nilinunua chai na chapati kwa mama lishe mmoja pale Tandika, Dar es Salaam. Alikuwa akipuliza jiko la mkaa, mtoto yuko mgongoni, anakohoa. Nikamuuliza kwa nini hatumii gesi. "Kaka, gesi naitaka," akanijibu, "lakini mkaa nanunua kopo kwa kopo. Mtungi nani ataniuzia nusu?"

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nzima.

Katika moshi ule mna chembe ambazo jicho halizioni, zenye kipenyo cha mikroni mbili na nusu au pungufu. Unywele mmoja unaizidi chembe hiyo unene kwa kiasi cha mara 30. Vumbi la barabarani pua hulizuia, ukalipenga likaisha. Hizi hupenya hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo sababu madaktari huzihusisha na kiharusi na maradhi ya moyo, si kikohozi peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka.

Kila eneo lina moshi wake. Kano, kule Nigeria, wakati wa kiangazi hufunikwa na vumbi la Sahara linaloletwa na upepo wa harmatani. Delhi huungua macho kila Oktoba na Novemba, wakulima wa Punjab na Haryana wanapochoma mabua ya mpunga. Hewa ya baridi nayo huukandamiza moshi, pamoja na ule wa magari na viwanda, usipande juu. Zambia, Angola na kusini mwa Kongo ni moto wa nyika, kuanzia Juni hadi Oktoba.

Sisi wa Pwani tumezoea kujidai na upepo wa bahari. Kweli, mchana hutusaidia. Lakini alfajiri upepo hutulia, na ndiyo saa majiko yanawashwa, taka zinachomwa uani na daladala za dizeli zinaunguruma vituoni.

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema. Ila mama lishe wangu si taasisi, na kugawiwa mtungi wa bure siku ya sherehe hakumsaidii ukishakwisha. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zipo hapa mjini. Kwa nini zisianzie kwa mama lishe?

Mtoto yule, nilipokuwa nikilipa, alikuwa bado anakohoa.