Jibu Lipi Kwanza? Muuguzi na Karatasi ya Maabara katika Wodi za Kitale na Bungoma



Tuchukue mfano wa wodi ya watoto, saa tisa usiku, muuguzi akiwa peke yake. Majibu matatu yameletwa kwa mpigo. Mtoto wa kwanza ana hemoglobini ya gramu 6.8 kwa desilita. Wa pili ana 4.6. Wa tatu ana sukari ya damu ya milimoli 1.9 kwa lita. Mashine imeweka herufi L mbele ya kila namba, L ile ile, kana kwamba watoto wote wamezidiwa sawasawa.

Muuguzi anayejua kazi yake anaanza na sukari. Kwa Shirika la Afya Duniani, chini ya 2.5 sukari ya mtoto imeshuka, na kwa mwenye utapiamlo mkali kiwango hicho ni 3. Ubongo hauna akiba ya kungojea asubuhi, na tiba iko hapo hapo kwenye troli: dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kupitia mshipa. Ni kazi ya dakika chache.

Huku akiisukuma dawa, macho yake yameshafika kitanda cha pili. Huyu wa 4.6 ana malaria, pua zinatanuka kila anapovuta pumzi na mbavu zinabonyea. Anahitaji damu sasa. Namba hiyo hiyo kwa mtoto aliyetulia ingekuwa habari nyingine. Utafiti wa TRACT, uliochapishwa mwaka 2019, ulifanywa Malawi na Uganda, na Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Lwakhakha, ilikuwa kituo kimojawapo. Kwa watoto wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kuwapa damu papo hapo hakukupunguza vifo katika siku 28. Wengi hupenda kuishia hapo. Lakini karibu nusu ya wale waliosubirishwa walikuja kuongezewa damu baadaye, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akirudi kitandani kuwapima na kuwatazama. Kusubiri huko ni kazi ya uuguzi, na kunataka wauguzi wa kutosha.

Sasa yule wa 6.8. Ana selimundu, ugonjwa tunaoujua vizuri magharibi mwa Kenya. Kadi yake ya kliniki inaonyesha 7.1 na kabla ya hapo 6.9, amekunywa uji jioni na sasa amelala. Hiyo ndiyo damu yake ya kila siku. Ila kama kadi ingesema 8.9 wiki iliyopita, na mkono wa muuguzi ukakuta bandama imevimba ghafla, mtoto huyo angeruka juu ya orodha, maana damu imenaswa ndani ya bandama na anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Wodi si steji ya matatu kwamba aliyetangulia kufika ndiye atangulie kupanda, wala si mashindano ya namba ndogo kuliko zote. Anayetangulia ni yule atakayetutoka kwanza tusipomgusa.

Hata mahali hubadilisha maana ya jibu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban 1,400, na mbu wa malaria hupungua kadiri unavyopanda. Kwa mtu mzima wa Bungoma aliyeumwa na mbu tangu utotoni akajijengea kinga, vimelea vichache vya malaria kwenye damu huenda si chanzo cha homa yake, na anayefunga faili hapo anaweza kuuacha ugonjwa wenyewe. Aliyekulia nyanda za juu za Trans Nzoia, ilipo Kitale, hana kinga hiyo, na vimelea hivyo hivyo vinaweza kumwangusha upesi.

Potasiamu nayo ina hila zake. Jibu la 6.9 laweza kutokana na chembe za damu zilizopasuka kwenye chupa, kwa sindano nyembamba au sampuli kukaa njiani. Laweza pia kuwa la kweli, na moyo ukasimama. Pima upya, naam, lakini mgonjwa wa figo awekwe kwenye mashine ya moyo wakati sampuli ya pili inakwenda.

Mwaka 1972 mwanapatholojia George Lundberg wa Los Angeles alieleza utaratibu wa maabara kupiga simu mara inapoona jibu la kutishia uhai. Huku kwetu simu hiyo mara nyingi hupokewa na muuguzi. Aandike jina, kitanda, namba, kipimo na saa, kisha amsomee mpigaji alichoandika. Msitake mzaha na kipimo: sukari ya 45 kwa miligramu ni 2.5 kwa milimoli.

Ninachoomba hospitali za kaunti zetu mbili ni ukurasa mmoja ukutani, uliokubaliwa na maabara, madaktari na wauguzi: majibu gani yapigiwe simu, apigiwe nani, na, safu ninayoitaka kuliko zote, daktari wa zamu asipopokea, muuguzi ampigie nani baada ya dakika ngapi, bila kuulizwa asubuhi kwa nini alimwamsha mkubwa.