Kazi Niliyoikosa Guangzhou
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Ukoo)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya ugenini. Nimechagua kueleza kazi niliyoikosa Guangzhou mwaka 2018, kwa kuwa mengi yalisemwa juu yake nami nikanyamaza.

Mji ule una Maonyesho ya Canton, yaliyoanzishwa mwaka 1957. Wafanyabiashara wetu hufika huko kuagiza bidhaa, na wengi huhitaji mkalimani. Oktoba ya mwaka ule, bwana mmoja mwenye duka Kariakoo aliniomba nimfasirie kwa muda wote wa maonyesho. Aliahidi kwamba akiridhika, nikihitimu atanifanya wakala wake.

Lakini sheria ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 humkataza mwanafunzi mgeni kufanya kazi kupita mipaka aliyowekewa. Akitaka kibarua nje ya chuo, sharti kwanza chuo kikubali, kisha polisi wa uhamiaji waandike mahali na muda wa kazi hiyo katika kibali chake cha ukaazi. Anayekiuka hutozwa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini.

Mimi nilidhani idhini ya mwalimu ingetosha. Nilipotambua kosa langu, maonyesho yalikuwa yamekwisha karibia kufunguliwa. Wenzangu wakaniambia, "Nenda tu, nani atajua?" Nikaikumbuka michango yenu, na wazee waliouza mazao ili nipate nauli. Nikaona kwamba nikifukuzwa nchini, nitakuwa nimepoteza mali isiyo yangu. Nilimwomba radhi yule bwana. Akampata mtu mwingine, na uwakala ukaenda huko huko.

Marehemu Baba aliponiuliza, nilimjibu kwamba kazi yenyewe haikuwapo. Niliona haya kukiri uzembe wangu, maana mkono mtupu haulambwi. Yule bwana aliporudi nyumbani akasema kwamba nilikataa. Baba akaishi na kauli mbili, na akafariki kabla sijamweleza ukweli. Sijutii kuitii sheria. Ninajutia jibu lile nililompa, na leo ninaomba radhi mbele yenu.

Vijana mnaojiandaa kusafiri, someni vibali vyenu mapema, na ruhusa iombeni kabla hamjaahidi kazi. Wazee wetu, mkisikia kwamba mtoto aliye mbali amekataa riziki, tafadhali mwulizeni kwa upole. Na sisi tulio mbali tukiulizwa, tuseme kweli, hata kama kweli yenyewe inatuaibisha.