Picha za Demani, Ng'ambo Hii na Ng'ambo Ile

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Pangani mjini na Bweni kuhusu upigaji picha wa kila siku



Mabaharia wa pwani hii hawakuwahi kukosa jina la majira. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba, masika hufuata, kisha kusi hutawala bahari kwa miezi mingi pamoja na ubaridi wa kipupwe. Kusi inapolegea, kuanzia Agosti hadi Oktoba au Novemba, huingia demani: upepo mwanana, bahari tulivu, mvua za vuli bado ziko mbali. Hayo ndiyo majira ya kuchipua ya pwani, ingawa hayakutanguliwa na theluji.

Demani ndiyo mji hutoka nje. Miembe imekwisha kutoa maua na maembe machanga yananing'inia. Dagaa huanikwa kwa wingi kwa sababu jua lipo na mvua haipo. Mwenye paa la makuti huliezeka upya kabla vuli haijamkuta. Wazee hukaa barazani muda mrefu zaidi, watoto hucheza mpira ufukweni maji yakipwa, na kivuko huenda Bweni na kurudi kikiwa kimebeba magari, baiskeli, magunia ya nazi, wanafunzi na wagonjwa. Katika miaka hii hata Maulidi yameangukia demani.

Na karibu kila aliyepo ana kamera mfukoni. Hapajapata kuwa na wakati ambapo mji huu ulipigwa picha nyingi kama sasa, na bado upo uwezekano mkubwa kwamba baada ya miaka thelathini zitakuwa zimebaki chache kuliko zile za enzi ya filamu. Simu huibwa, huangukia majini, huuzwa ili kununua nyingine. Picha za mwaka mzima hufutwa usiku mmoja ili kupata nafasi ya video. Tena zinazookolewa ni zile zile: harusi, sikukuu, mtoto aliyevaa sare ya shule kwa mara ya kwanza. Hizo ni halali kutunzwa. Ila foleni ya asubuhi kivukoni haipigwi na mtu, kwa kuwa itakuwapo kesho pia.

Je, itakuwapo? Katika miaka hii ya 2020 lilianza kujengwa daraja la Mto Pangani lenye urefu wa mita 525, katika barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Hakuna sababu ya kulilia kivuko. Anayemvusha mama mjamzito usiku anajua thamani ya daraja kuliko mshairi yeyote. Lakini daraja likishaanza kubeba magari, njia za watu hubadilika. Muuza kahawa anayewangoja abiria, mama lishe aliyezoea foleni, mchukuzi wa mizigo, fundi baiskeli aliyekaa kwenye mteremko kwa sababu hapo ndipo baiskeli huharibika, wote hao mahali pao pa kazi pametokana na jambo moja, nalo ni kwamba gari lazima lisimame na kungoja. Gari lisiposimama, mahali hapo hupoteza maana yake, na baada ya muda mfupi hata wenyeji hubishana kama palikuwa na vibanda vinne au kumi.

Wenyeji wamekwisha kuona jinsi kitu kikubwa kinavyoweza kutoweka bila kuacha picha za kutosha. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya mlango wa mto huu, kilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walikwenda kutaga huko kwa wingi kiasi kwamba kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hufunikwa, na mayai ya kasa wanaoendelea kutaga hapo huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasizame. Watafiti walipokuja baadaye kuuliza kisiwa kiliondokaje, kwa kasi gani, kuanzia upande upi, iliwabidi kutegemea sana kumbukumbu za wavuvi na picha zilizopigwa kutoka angani. Wavuvi walikumbuka mengi. Hata hivyo, picha ishirini za kawaida za watu waliokaa chini ya mivinje hiyo wakila chakula, kila moja ikiwa na mwaka wake nyuma, zingejibu maswali ambayo mpaka sasa hujibiwa kwa kukisia. Aliyepiga picha ya namna hiyo asingejiona anafanya utafiti. Angeona anawapiga picha binamu zake.

Zamani kulikuwa na sababu ya uchache. Filamu ilikuwa na picha 36, kuinunua kulikuwa gharama na kuisafisha gharama nyingine, kwa hiyo mtu alikwenda studio akiwa amevaa vizuri. Studio za pwani zilifanya kazi kubwa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa, Omar Said Bakor alikuwa na yake Lamu. Kwa sababu mpiga picha alitunza negativu, sura za watu wa wakati ule zipo hata pale ambapo familia zilipoteza nakala zao. Lakini kazi ya studio ilikuja na mteja, na mteja alilipia uso wake. Gati, kisima, mtaro na njia ya kwenda shambani havikuwa na fedha ya kulipa. Leo gharama hiyo imeondoka. Kilichobaki ni kuamua, na kuandika.

Kuandika ndiko kunakosahaulika zaidi. Picha isiyo na maneno hufa pamoja na anayeifahamu. Maneno yanayotakiwa ni machache: nani, wapi, lini, na kilichokuwa kikiendelea. "Lini" huhitaji uangalifu wa pekee huku pwani. Mtu akiandika nyuma ya picha "Maulidi", bila mwaka, ameandika nusu tu, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, na Mfungo Sita huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Picha ya Maulidi inaweza kuwa ya demani, ya kaskazi au ya masika. Atakayetaka kujua kama ufuko ulikuwa mkavu kwa sababu ya majira au kwa sababu ya mmomonyoko hatapata msaada wowote humo.

Kwa picha za ufukweni kuna jambo la pili: hali ya maji. Pwani hii wakati wa bamvu maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mtu anaweza kupiga picha mahali pamoja, siku moja, asubuhi na mchana, akaonyesha fuko mbili zisizofanana. Fungu la Maziwe lenyewe huonekana na kupotea ndani ya siku hiyo moja. Kwa hiyo saa iandikwe, na iandikwe kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Mvuvi yeyote ataongeza habari hiyo bila kuulizwa mara mbili. Kwake picha isiyo na maji ni kama barua isiyo na anwani.

Simu huandika tarehe na saa ndani ya picha yenyewe, na mara nyingine mahali pia, ikiwa saa ya simu ni sahihi na mwenyewe ameruhusu. Tatizo hutokea picha inapotumwa. Picha inayopitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na habari zile za ndani huondolewa. Inayotumwa kama dokumenti hufika nzima. Tofauti hiyo si ya mafundi peke yao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokewa kama ushahidi, na uzito wake hupimwa kwa kuangalia jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa. Mama lishe hana hati ya kiwanja pale kivukoni, na picha haitampa. Lakini siku wafanyabiashara wadogo watakapoorodheshwa ili wapewe nafasi kwingine, mwenye picha tano za demani tano, zote kutoka kwenye simu ya awali, atakuwa na la kuonyesha. Mwenye picha moja iliyosambazwa mara mia ataulizwa ilitoka wapi.

Hayo hayo yahusu mitaro. Demani, mtaro ukiwa mkavu, ndipo uharibifu wake huonekana: jiwe lililong'oka, taka zilizoziba mdomo, ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji. Mvua ya vuli ikishafika, kinachoonekana ni maji tu, na kila jirani humlaumu mwenziwe. Picha iliyopigwa Septemba, ikapelekwa kwa mtendaji wa kata pamoja na jina la mahali, humpa mtendaji kitu cha kupeleka mbele. Ipigwe kutoka mahali pale pale kila mwaka, kwenye kona ile ile ya nyumba, ili mabadiliko yajieleze. Na apigwe mtu akiwa amesimama kando ya mtaro, apatikane wa kupimia kina.

Lakini si kila kilicho mbele ya kamera ni cha mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta kwenye maandishi jambo ambalo adabu ya pwani ilikuwa nalo tangu zamani. Anayetaka kumpiga picha mzee barazani huanza kwa shikamoo, hujibiwa marahaba, kisha huomba. Akikataliwa hurudisha simu mfukoni. Harusi ina picha za uani, ambako wanawake wamejifunua kwa sababu wako wenyewe, na ina picha za barazani. Kuzichanganya ni kuvunja nyumba za watu. Mtoto huombewa idhini kwa mzazi. Mgonjwa anayevushwa kwenye kivuko hapigwi kabisa, hata kama picha yake ingeonyesha vizuri kuliko zote kwa nini daraja lilihitajika. Hapo hasara ya kumbukumbu ikubaliwe tu.

Zilizo njema kutunzwa zitunzwe kwa karatasi pia. Chumvi na unyevu wa pwani hugandisha picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, na albamu zenye kurasa za gundi na plastiki huharibu picha kabla ya wakati. Bahasha ya karatasi kavu, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, inatosha. Nyuma ya picha iandikwe kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwani kalamu ya wino huchora alama hadi upande wa mbele au huvujisha wino baada ya miaka. Picha kumi kwa mwaka kwa kila kaya si kazi kubwa. Nakala za zile zinazohusu mahali pa wote zaweza kuwekwa shuleni au ofisi ya kata, na nyingine kwa ndugu aishiye mji mwingine, ili moto mmoja au mafuriko mamoja yasichukue zote.

Kazi ya kuanzia wiki hii ni ya jioni. Picha za zamani zilizomo makabatini ziletwe barazani zikiwa bado na watu wanaozifahamu, na kijana akae na penseli kando ya bibi yake. Bibi atataja majina haraka kuliko kijana anavyoweza kuandika, na katika kila picha atasimama kwa mtu ambaye hakuna mwingine angemtazama: yule wa nyuma, aliyekatwa nusu na ukingo, aliyekuwa akipita na kikapu kuelekea kivukoni.